Mvinyo wa kilimo hai umeharibika wapi? Fuata dalili kutoka pipani hadi shambani

Unafungua pipa mwezi wa Machi, unachota mvinyo kidogo, unanusa: yai viza. Mtu wa kwanza kulaumiwa huwa ni pipa lenyewe. Lakini huenda kosa lilifanyika Agosti, siku mtu alipoona unga mweupe kwenye vichala akapuliza salfa mara moja zaidi "ili tulale usingizi", mavuno yakiwa yamebakiza majuma matatu. Salfa ile iliingia tangini pamoja na zabibu, chachu ikaigeuza gesi, na wewe ndiye unayeinusa leo.

Matatizo mengi ya mvinyo wa kilimo hai ndivyo yalivyo. Dalili iko ghalani, chanzo kiko shambani, na katikati kuna miezi. Mtengenezaji wa kawaida ana rafu nzima ya dawa za kuziba pengo hilo. Wewe una chache. Katika Umoja wa Ulaya, ambako kanuni za mvinyo wenyewe wa kilimo hai (si zabibu peke yake) zilianza na mavuno ya 2012, mvinyo mwekundu mkavu hauruhusiwi kuzidi miligramu 100 za salfa dioksidi (kihifadhi cha mvinyo) kwa lita na mweupe mkavu 150, ilhali wa kawaida umeachiwa 150 na 200. Asidi ya sorbi, ambayo wengine huitia ili mvinyo wenye sukari usichachuke tena chupani, kwako ni marufuku. Na ukiwa katika eneo la kale lenye jina linalolindwa kisheria, hata aina ya mzabibu umeshachaguliwa: huwezi kuamka asubuhi ukang'oa Pinot Noir ukapanda chotara inayostahimili ukungu.

Kwa hiyo kila dalili hapa chini imefuatwa kinyumenyume, kwa ajili ya familia yenye hekta chache ambayo mikono inayopogoa mizabibu ndiyo hiyo hiyo inayojaza chupa.

Kabla ya kutafuta mchawi, uwe na haidrometa (kipimo cha uzito wa mvinyo ukilinganishwa na maji, ambayo ni 1.000), kipimajoto kirefu kinachofika katikati ya tangi, kipima pH kilichorekebishwa siku hiyo hiyo (pH ikipanda, asidi imepungua), na njia ya kupima salfa huru, yaani salfa dioksidi ambayo bado haijaungana na kitu kingine mvinyoni. Halafu daftari. Hapo ndipo familia nyingi huanguka: baba ana kila kitu kichwani, dada ameandika kwenye simu, na aliyepuliza Agosti ni binamu ambaye amesharudi mjini. Bila tarehe ya kupuliza, kiasi kilichotumika na mvua iliyofuata, nusu ya mwongozo huu haitakusaidia.

Tafuta pia pua ngeni. Watu walioishi na ghala moja miaka thelathini huizoea harufu yake mpaka hawaisikii tena. Mzee akisema "mvinyo wa kwetu ndivyo unavyonukia", huenda anauzungumzia udongo, na huenda anazungumzia pipa chafu. Mpe jirani mtengenezaji glasi tatu zisizo na jina, moja yao ikiwa ya kwenu, kisha unyamaze.

Majani yana madoa ya manjano kama tone la mafuta

Geuza jani kwanza. Ikiwa upande wa juu umetuna kama malengelenge na chini yake pana kibonde chenye manyoya meupe au ya waridi, huo ni utitiri. Unatisha macho, hauleti njaa. Ikiwa doa ni bapa na lina mng'ao wa mafuta, shuku ubwiri vinyoya, ugonjwa wa ukungu. Ukiwa na wasiwasi, lifunge jani kwenye mfuko wa plastiki pamoja na karatasi iliyoloweshwa, uliache chumbani usiku kucha. Kama ni ubwiri, asubuhi utakuta pamba nyeupe chini ya doa.

Ugonjwa huu ulitoka Marekani na kuonekana Ufaransa mwaka 1878. Mchanganyiko wa mrututu (chumvi ya shaba) na chokaa ambao mtaalamu wa mimea Millardet aliueleza huko Bordeaux mwaka 1885 bado ndio silaha kuu ya mkulima wa kilimo hai, na bado watu wanauelewa vibaya. Shaba haiponyi chochote. Ni koti la mvua, na koti linalovaliwa baada ya kulowa halina faida. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni hili: koti lilikosekana lini?

Rudi kwenye daftari. Wakulima wa zamani wana kanuni ya makumi matatu: machipukizi yakifika sentimita 10, mvua ikanyesha milimita 10 ndani ya siku moja au mbili, na joto likawa angalau nyuzi 10, maambukizi ya kwanza yanaweza kuanza. Je, mlipuliza kabla ya mvua ya namna hiyo au baada yake? Kama ni kabla, mvua ilikuwa kubwa kiasi gani? Milimita 20 hadi 25 zinatosha kuosha kinga yote. Kama haikuwa kubwa, siku ngapi zilipita? Mwanzoni mwa kiangazi mzabibu hutoa majani mapya kila baada ya siku chache, na jani lililozaliwa baada ya kupuliza liko uchi. Kama majani mapya yote ni mazima na yanayougua ni ya ndani, karibu na vichala, kosa ni la mashine: pua za bomba zimeziba, trekta lilikwenda mbio, au majani yamesongamana mno kwa sababu kazi ya kuyapunguza iliahirishwa.

Jambo moja limeziponza familia nyingi kwenye ukaguzi. Tangu 2019 kikomo cha shaba katika Umoja wa Ulaya ni kilo 28 kwa hekta kwa miaka saba, yaani wastani wa kilo nne kwa mwaka, na hesabu hiyo ni ya shaba yenyewe, si ya unga ulioko kwenye mfuko. Mrututu una takriban robo tu ya shaba. Aliyepuliza kilo moja ya mrututu ametumia gramu 250 za shaba. Aliyeandika "kilo moja" kwenye safu ya shaba amejinyima kinga mara nne bila sababu. Na anayetumia bidhaa nyingine yenye asilimia 50 kwa kipimo alichozoea cha mrututu amepitiliza bila kujua. Dozi ndogo zinazorudiwa, gramu 200 hadi 300 za shaba kwa hekta kila mara, hufanya kazi kuliko dozi moja kubwa inayongoja kuoshwa.

Majani yakipukutika mapema, usifikirie umepoteza kiasi cha mavuno tu. Zabibu za mzabibu uliokosa majani huja na sukari pungufu na chakula kidogo cha chachu. Weka alama kwenye mistari hiyo, kwa sababu utakutana nayo tena tangini.

Unga wa kijivu, punje zinapasuka

Huu ni ubwiri unga. Tofauti na mwenzake, hauhitaji mvua; hewa yenye unyevu na kivuli vinautosha, kwa hiyo "mwaka huu ulikuwa mkavu" si utetezi. Dirisha la hatari ni kuanzia maua hadi majuma matatu au manne baada ya punje kufunga. Ngozi iliyoshambuliwa wakati huo haikui tena, nyama ya ndani inakua, punje inapasuka, na ukungu wa kijivu unaingia kupitia ufa.

Kama salfa ilipulizwa na ugonjwa ukaendelea, angalia hali ya joto ya siku ile. Chini ya nyuzi 15 hivi salfa haitoi mvuke wa kutosha. Ikizidi 30 inaunguza majani na punje. Fungua eneo la vichala upande wa jua la asubuhi, funga hesabu ya salfa majuma matano kabla ya mavuno, na zabibu zilizobaki na unga zichague kwa mkono. Kupuliza katika dakika za mwisho ni kuhamishia tatizo ghalani.

Maabara imekuta dawa ambayo hukuipuliza

Inauma, hasa katika maeneo ya kale ambako urithi umegawanya mashamba kuwa mistari michache michache na jirani wa kawaida yuko umbali wa hatua mbili. Lakini usikimbilie kumgombeza jirani. Chukua sampuli mbili: moja ya mistari ya mpakani, moja ya katikati ya shamba. Ikiwa dawa iko mpakani tu, imepeperushwa na upepo. Ikiwa iko kila mahali kwa kiwango kinacholingana, chanzo ni chenu: bomba la kupulizia mliloazima, pipa au tangi la mtumba, au mbolea ya majani yenye fosfonati (dawa ya ukungu isiyoruhusiwa katika kilimo hai) ambayo muuzaji aliisifu kuwa ni "ya asili". Fosfonati hukaa ndani ya mti na huweza kuonekana kwenye matokeo hata misimu baadaye.

Mistari ya mpakani vuneni peke yake, katika chombo chake, na muuze kama zabibu za kawaida. Mjulishe anayewathibitisha kuwa wakulima wa kilimo hai kabla hajajua mwenyewe. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Uchachushaji umesimama

Kwanza usalama, kwa sababu hili limeua watu wa familia moja wakifuatana, mmoja akishuka kumwokoa mwingine. Lita moja ya maji ya zabibu yaliyoiva huachia karibu lita 50 za kaboni dioksidi. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa na hujaza ghala la chini kuanzia sakafuni. Mshumaa si kipimo: ukizimika, gesi imeshafikia kiwango cha hatari. Weka kipima gesi, washa feni, na mtu asishuke peke yake. Aliyeanguka asifuatwe kabla hewa haijabadilishwa.

Sasa mvinyo. Hakikisha umesimama kweli. Pima uzito kwa haidrometa asubuhi na jioni kwa siku mbili. Namba ikishuka hata pointi moja, ni mvivu, hajafa, na mvivu huhitaji joto na subira. Na usidanganywe na 1.000 kwamba sukari imekwisha. Pombe ni nyepesi kuliko maji, hivyo kwenye namba hiyo bado kuna gramu 10 au zaidi za sukari kwa lita. Mvinyo mkavu hushuka hadi 0.996 au chini zaidi.

Tazama umesimama wapi, maana mahali uliposimama hukuambia sababu.

Haukuanza kabisa, siku ya tano tangi limetulia: baridi, au salfa dioksidi nyingi wakati wa kusaga, au chachu ya asili kuwa chache kwa sababu zabibu zilioshwa na mvua. Pasha hadi nyuzi 18 au 20. Wanaotegemea chachu ya asili wana dawa ya kale isiyozeeka: siku tano hadi saba kabla ya mavuno, vuna makumi kadhaa ya kilo za zabibu safi kabisa, ziponde, ziache zichachuke kwenye ndoo, onja na kunusa kila siku. Ndoo ikinukia vizuri, itie kwenye tangi kama mbegu, asilimia mbili hadi tano. Ikinukia gundi, mwaga, uanze nyingine. Familia inayoruka hatua hii na kusema inaiachia asili inacheza bahati nasibu na jasho la mwaka mzima.

Ulianza kwa kishindo ukafa katikati: joto. Mvinyo mwekundu una kofia ya maganda juu, na kofia hiyo inaweza kuwa na joto la nyuzi tano hadi kumi zaidi ya maji ya chini. Kipimajoto cha ukutani kinasema 28, ndani ya kofia ni 36, na kuanzia 35 chachu hufa. Kwa hiyo pima ndani ya kofia. Ukilikuta joto limeshapita, poza, hamisha mvinyo ukiacha mashapo ya chachu iliyokufa, kisha uanzishe upya.

Ulikwenda polepole tangu mwanzo ukasimama karibu na mwisho: njaa. Chachu huhitaji takriban miligramu 140 za naitrojeni inayoliwa kwa kila lita, na zaidi sukari ikiwa nyingi. Hapa ndipo mistari iliyopukutisha majani inapodai deni lake. Shamba lenye nyasi zilizoachwa zinywe maji na mizabibu kipindi cha ukame hutoa matokeo hayo hayo. Kanuni za Ulaya zinaruhusu diamoni fosfati na thiamini, vyakula vya chachu, hata katika kilimo hai, ingawa vyama binafsi kama Demeter vina masharti makali zaidi. Ila chakula ni cha theluthi ya kwanza ya uchachushaji. Pombe ikishapanda, chachu haiwezi kukimeza, na utakachotia kitaliwa na vidudu usivyovitaka.

Ulisimama na pombe iko juu, asilimia 14 au 15, bado una sukari: zabibu zilivunwa zimeiva mno. Andika tarehe hiyo kwa wino mwekundu.

Kuanzisha upya ni kazi ya siku kadhaa. Andaa chachu imara kwenye maji vuguvugu yenye sukari kidogo, iongezee mvinyo uliokwama taratibu: robo, kisha nusu, kila mara ukisubiri ichangamke na ukilinganisha joto. Kumwaga chachu kavu moja kwa moja tangini ni kuitupa. Na unapohangaika na hayo, fuatilia asidi tete (hasa ya siki) kila siku mbili. Bakteria wa asidi ya laktiki wakikuta sukari imebaki huigeuza siki kidogo kidogo, na mvinyo uliokuwa na tatizo moja sasa una mawili.

Kuna kusimama kusikohitaji tiba. Mvinyo mweupe ndani ya pipa, katika ghala baridi, unaweza kulala Desemba na kuamka mwenyewe Aprili. Kama pipa limejaa, asidi iko juu na harufu ni safi, uache ulale.

Yai viza, kitunguu, mpira ulioungua

Chota glasi mbili. Katika moja tumbukiza kipande cha shaba safi, koroga, subiri dakika chache, kisha unuse zote. (Hiyo ya shaba usiinywe.) Harufu ikitoweka, ni haidrojeni salfaidi au ndugu zake wepesi, na kuna tumaini. Ikibaki vilevile, salfa imeshaungana katika maumbo mazito ambayo shaba haiyagusi, nawe umechelewa.

Sababu ni zile mbili ulizokwisha kukutana nazo: salfa iliyobaki kwenye maganda, na chachu yenye njaa. Kutofautisha ni rahisi. Ya salfa hunuka mapema, ndani ya siku za kwanza, na hunuka katika matangi ya shamba moja tu. Ya njaa huja katikati, na mara nyingi tangi lenyewe linakwenda polepole. Ipo ya tatu, ya mashapo mazito yaliyoachwa chini ya tangi refu miezi mingi bila kukorogwa.

Uchachushaji ukiwa bado unaendelea, hamisha mvinyo kwa kuurusha, upate hewa. Gesi itaondoka na chachu itafurahi. Uchachushaji ukiisha, punguza hewa hiyo. Oksijeni nyingi kwa wakati huo ndiyo inayozigeuza harufu nyepesi kuwa zile nzito zisizotoka. Hamisha mara moja, taratibu, uache mashapo, upime tena baada ya wiki. Kutia chumvi za shaba kwenye mvinyo ni hatua ya mwisho, kwa kipimo cha maabara na baada ya kumuuliza anayewathibitisha ni aina ipi inaruhusiwa mwaka huu, kwa sababu orodha hiyo imewahi kubadilika.

Siki, au rangi ya kucha

Siki ni asidi ya asetiki. Harufu ya rangi ya kucha ni ethili asetati, dada yake, na pua huisikia mapema zaidi. Kisheria, katika Umoja wa Ulaya, asidi tete haipaswi kuzidi gramu 1.08 kwa lita katika mvinyo mweupe na 1.20 katika mwekundu, lakini ladha hulalamika kabla ya hapo.

Kama imekuja na zabibu, utaikuta juu tangu siku za kwanza za uchachushaji. Tafuta vichala vilivyooza, nyigu, na inzi. Tangu 2008 hivi Ulaya inahangaika na inzi Drosophila suzukii, ambaye hasubiri punje ioze kama wengine. Hutoboa iliyo nzima. Kama imepanda taratibu wakati wa majira ya baridi, tafuta hewa. Pipa la mwaloni hunywa na kuvukiza, pengo linatokea juu, na bakteria wa siki wanapata uwanja. Kujazia mapipa kila wiki au mbili ni kazi ndogo isiyo na utukufu, ndiyo maana kila mtu katika familia anadhani mwingine ameifanya. Utando mweupe juu ya mvinyo ni onyo la mapema: ondoa, jaza, pima salfa huru.

Hakuna cha kumwagia kikaondoa siki. Chaki hula kwanza asidi njema ya tartari na kuiacha ya siki ikitamba.

Zizi la farasi, plasta, jasho

Hii ni chachu iitwayo Brettanomyces. Watu wa ghalani huiita breti. Wapo wanaoipenda kidogo katika mvinyo mwekundu wa kale, na siwezi kugombana na ulimi wa mtu. Shida ni kwamba haikai kidogo. Inaishi ndani ya mbao za pipa, milimita kadhaa kutoka juu, mahali maji ya moto ya juujuu hayafiki. Kikulacho ki nguoni mwako: pipa alilonunua babu, linalosifiwa kwa wageni, ndilo linaloambukiza mengine kupitia bomba moja la kuonjea.

Nusa pipa moja moja, andika namba. Yenye harufu yaweke pembeni na vifaa vyake. Kisha pima pH, kwa sababu ndiyo inayoeleza kwa nini salfa dioksidi yako haikufanya kazi. Ili kuwa na miligramu 0.6 za salfa yenye nguvu ya kuua vidudu katika lita, kwenye pH 3.2 unahitaji takriban miligramu 15 za salfa huru, kwenye 3.5 unahitaji 30, kwenye 3.8 unahitaji karibu 60. Ukiwa na kikomo cha jumla ya 100, hesabu ya pH 3.8 haikai vizuri. Mtu anayetia "kama alivyokuwa anatia babu" katika miaka hii ya joto, wakati zabibu zinaiva na asidi pungufu, anatia maji. Vuna mapema kidogo, weka ghala chini ya nyuzi 15, maliza sukari yote, na tia salfa mara moja kwa kiasi cha kutosha badala ya vijiko vingi vidogo vinavyomezwa bila athari.

Unameza, halafu panya

Huu ndio ugonjwa wa wanaokataa kutia salfa dioksidi kabisa, na ndio unaogawanya familia, kwa sababu baadhi ya watu hawausikii hata kidogo. Puani mvinyo ni safi. Umeumeza, sekunde kadhaa zimepita, ndipo inakuja ladha ya kizimba cha panya au bisi iliyochacha. Asidi ya mvinyo huizuia harufu isiruke. Mate yakiishapunguza asidi, inafunguka. Kwa hiyo unaweza kuiita kabla ya wakati: tia chembe ya magadi ya kupikia kwenye glasi, au sugua tone la mvinyo kiganjani, kisha unuse. Acha pia glasi moja wazi siku mbili uonje tena.

Chanzo ni bakteria na breti wakisaidiwa na pH ya juu na oksijeni, mara nyingi siku ya kuhamisha au kujaza chupa. Haichujwi wala haisafishwi. Baadhi ya mvinyo hutulia baada ya miezi mingi, mwingine hautulii. Kwa hiyo jaribio la magadi lifanywe kabla ya kujaza chupa, si baada ya mteja kuandika. Na kama ninyi wote nyumbani hamuisikii, tafuteni anayeisikia.

Rangi inageuka kahawia glasini

Acha glasi nusu wazi kwa saa 24. Ikigeuka kahawia na kuweka utando wenye rangi za upinde wa mvua, zabibu zilikuja na ukungu wa kijivu, na kimeng'enya chake, lakasi, bado kiko hai. Salfa haikitishi sana. Kupasha joto hukiua, na kanuni za kilimo hai zinaruhusu hadi nyuzi 75, lakini nyumba ndogo chache zina mtambo huo. Kilichobaki ni kuulinda mvinyo usiguse hewa na, mwaka ujao, kuweka meza ya kuchagua zabibu. Mikono sita kwenye meza ile ina thamani kuliko dawa yoyote.

Chupani: wingu, mchanga, mapovu

Fuwele zinazong'aa chini ya chupa ni chumvi ya asidi ya tartari. Hazina madhara, mweleze mteja, au poza mvinyo ghalani kabla ya kujaza. Wingu laini katika mvinyo mweupe uliokaa mahali pa joto ni protini. Kipimo chake ni kupasha sampuli nyuzi 80 kwa saa mbili, kuipoza, kutazama; tiba yake ni udongo wa bentonaiti, kabla ya kujaza. Mapovu na kizibo kinachopanda ni sukari iliyobaki na chachu iliyo hai. Kwa kuwa asidi ya sorbi huna, mvinyo wenye sukari unauchuja kwa chujio la maikroni 0.45 au hauujazi.

Harufu ya gunia bichi

Chupa moja kati ya nyingi: kizibo. Chupa zote: ghala lako. Ukungu ukikutana na klorini kwenye mbao hutengeneza kemikali ambayo nanogramu chache kwa lita zinatosha kuua harufu ya mvinyo. Toa dawa zote za kufulia zenye klorini ndani ya ghala, pamoja na ile chupa iliyofichwa nyuma ya mlango. Kisha kagua paleti za mbao, maboksi yaliyolowa na boriti za dari.

Pipa lisilookoka

Usilichanganye na mazuri ili "lipotee". Pipa moja la siki katika tisa mazuri hukupa kumi yenye mashaka. Lipelekwe kwa mchemshaji wa pombe kali, au ligeuzwe siki halali, ambayo nayo yaweza kubeba jina la kilimo hai. Ila siki itengenezwe katika jengo lingine, kwa bomba lake na ndoo zake, na anayeihudumia abadilishe viatu kabla ya kurudi ghalani.